Wateja wa mayai, mnachagua kwa macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wateja wetu wa mayai, maana pale sokoni haiwezekani, mtu ana haraka, nyuma yake kuna mwingine kashika trei anasubiri, na ukianza kumuelezea anaona unamzungusha tu ili anunue. Mimi ni mfugaji mdogo, kuku wangu karibu wote nawajua kwa sura na tabia zao, mayai nayauza mwenyewe bila dalali. Na ninachotaka kusema ni kwamba vitu mnavyoangalia mkichagua yai vingi havihusiani kabisa na uzuri wa yai, halafu sisi kwa vile tunataka kuuza tunawafuata mnavyotaka, na wanaoumia ni nyie nyie.

Tuanze na kuosha maana ndo linaniudhi kuliko yote. Mteja anakuta trei mbili, moja ina mayai yanang'aa, nyingine yana vumbi kidogo la maranda na labda kaunyoya kamoja kameng'ang'ania, anabeba yanayong'aa na huku ananiangalia kama mtu mchafu. Jamani yai likitoka kwa kuku lina utando mwembamba juu ya ganda, linatoka lina unyevu na linakauka palepale, na huo utando ndo unaziba vitundu vya ganda, vitundu maelfu ambavyo kwa macho huvioni. Ukiosha umeutoa. Na ukiosha kwa maji ya baridi ndo mbaya zaidi, vya ndani vinasinyaa na yai linavuta maji kuingia ndani pamoja na vijidudu vilivyokuwa juu. Najua kuna mtu atasema mbona Marekani wanaosha, ni kweli wanaosha, ila kwa maji yenye joto kuliko yai lenyewe na baada ya hapo linakaa kwenye baridi mpaka linafika kwa mteja. Nchi za Umoja wa Ulaya utaratibu wao wa kawaida ni kwamba mayai ya daraja la kwanza hayaoshwi. Sisi wa beseni na kitambaa, halafu yai linakaa kutwa nzima kwenye joto la soko, tunamdanganya nani?

Usafi wa yai unatengenezwa bandani. Unabadilisha maranda kwenye viota kabla hayajalowa, unaokota mayai mara kadhaa kwa siku na hasa asubuhi maana kuku wengi wanataga asubuhi (ndo maana ukiona mfugaji kawahi sana sokoni jua kuna mtu kamwacha nyumbani anaokota), na jioni unawafukuza wale wanaopenda kulala kwenye viota, kwasababu kuku akilala humo ananyea humo na kesho yake wenzake watatagia juu ya kinyesi. Hiyo kazi ya kila siku mteja haioni, anachoona ni yai linang'aa.

Halafu kuna rangi ya kiini. Kiini cha njano iliyokolea basi ni kienyeji, kikipauka basi mmetapeliwa. Rangi ya kiini inatoka kwenye chakula, mpe kuku wa banda mahindi ya njano na majani mabichi kiini kitakolea, mpe kuku wa kienyeji mahindi meupe bila majani kiini kitapauka, na kuna rangi kabisa za kuchanganya kwenye chakula cha kuku kazi yake ni hiyo tu. Ganda nalo, jeupe au la kahawia, ni aina ya kuku, haliongezi wala kupunguza kitu ndani. Hata udogo wa yai siyo ushahidi, kuku wa kisasa anapoanza kutaga mayai yake ni madogo, na nimeona wachuuzi wanayachambua hayo madogo wanayaweka pembeni yanakuwa "kienyeji" na bei inapanda hapohapo. Nyie mnalipa huku mnatabasamu.

Kutikisa ndo sitaki hata kuongea sana. Yai likitikiswa na mtu mmoja, akalirudisha, akaja mwingine akalitikisa, mpaka jioni hilo yai limechoka kuliko mimi. Kama una wasiwasi kalitie kwenye maji nyumbani, bichi kabisa litalala chini, la siku nyingi linasimama, likielea ni la zamani sana, manake maji ya ndani yanatoka kidogo kidogo kupitia vile vitundu na hewa inajaa upande ule butu. Likielea siyo lazima liwe viza lakini livunje kwenye kibakuli peke yake kwanza ulinuse.

Na lile swali la "mbona wiki hii mayai machache, au unatuficha upandishe bei?" Kuku mmoja anahitaji zaidi kidogo ya saa 24 kutengeneza yai, na karibu saa 20 katika hizo ni ganda tu, kwahiyo leo anataga asubuhi, kesho anachelewa kidogo, keshokutwa anachelewa tena, mwishowe anaruka siku. Akianza kunyonyoka manyoya anaacha kabisa mpaka yaote. Joto likizidi anahema mdomo wazi, anakula kidogo, na ganda linakuwa jepesi linapasuka njiani kabla sijafika kwenu. Ila kula anakula, kuku wa mayai anamaliza kama gramu 110 mpaka 120 za chakula kwa siku, atage asitage, na chakula ndo kinachokula hela yetu kuliko kitu kingine chochote. Nikikwambia bei haishuki siyo roho mbaya.

Wanaosimamia masoko nao nina ombi kwao, wauza mayai tupewe sehemu yenye kivuli. Yai linaharibika kwa joto haraka sana, na kama limetoka kwenye banda lenye jogoo linaweza kuanza kujenga damu humo ndani, mteja akilivunja anapiga kelele kwamba kauziwa kifaranga. (Na hapana, kuku hahitaji jogoo ili atage, anahitaji jogoo kama unataka vifaranga, naulizwa hili kila mara.)

Sasa kuna swali ambalo sijawahi kuulizwa na mteja hata mmoja, wakati ndo la kwanza mlitakiwa kuuliza: kuku wako wametumia dawa lini? Siongelei chanjo ya kideri wala ndui, naongelea zile antibiotiki tunazoweka kwenye maji ya kunywa wakiumwa. Dawa nyingine zinaingia kwenye yai, na maelezo yake yanakuwa na siku za kusubiri ambazo mayai yote unatakiwa kuyatupa, na nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku anayetaga. Hizo siku zinauma, unalisha, unaokota, unatupa, na jirani yako meza ya pili anauza kama kawaida, mayai yake yameoshwa yanang'aa na nyie mnakwenda kwake.

Mhariri, kama kuna daktari wa mifugo anayeandika kwenye gazeti lenu mwombeni aandike kuhusu hizo siku za kusubiri, dawa kwa dawa, kwa Kiswahili cha kawaida, maana karatasi za ndani ya boksi maandishi yake ni madogo na mara nyingi tunauziwa dawa imepimwa kwenye kijimfuko bila karatasi yoyote. Nikiipata nitaikata niibandike pale mezani kwangu, upande wa wateja.

Mfugaji mdogo, msomaji wenu