Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Uingereza: Mashamba ya Laxton yalindwe kwa sheria

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire ambako kilimo cha mashamba ya wazi, kilichoanza zama za kati, bado kinasimamiwa na baraza la kijiji chenyewe.

Mashamba ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Ndani yake hakuna ua wala senyenge. Kila mkulima ana vipande vyake vyembamba katikati ya vya majirani. Mwaka huu shamba hupandwa ngano, mwaka unaofuata zao jingine, wa tatu hupumzishwa. Huwezi kujiamulia peke yako.

Mwishoni mwa Novemba wajumbe 12 hupanda tela la trekta wakaenda kukagua shamba lenye ngano. Huko matopeni hupigilia vigingi kuonyesha upya mpaka wa shamba na njia. Ambaye plau yake imemega njia au ukanda wa majani wa kijiji huandikwa. Wiki moja baadaye baraza hukaa kwenye baa ya Dovecote Inn na faini hutozwa mbele ya majirani. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, tukaona kesi za mipaka zikirithiwa na wajukuu, tunajua hiyo ni hazina ya namna gani.

Ramani ya Laxton ilichorwa mwaka 1635. Karne ya 18 na ya 19 Bunge lilipitisha sheria nyingi za kugawa na kuzungushia ua mashamba ya vijiji, Laxton ikapona. Mwaka 1952 Wizara ya Kilimo iliinunua ili utaratibu huo usife, na mwaka 1981 ikawa chini ya Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Ufalme. Lakini mwaka 2020 iliuzwa kwa Thoresby Estate, milki binafsi ya ardhi.

Sina neno na mmiliki wa sasa. Ila mali hubadilisha mikono, na nia njema ya mtu hairithiwi kama hati ya ardhi. Naomba Bunge litunge sheria itakayombana mmiliki yeyote, wa leo na wa kesho: mashamba yasizungushiwe ua, baraza lisivunjwe. Naomba pia malipo ya serikali kwa kilimo kinachotunza mazingira yapangwe kwa kuzungumza na baraza hilo, maana mkulima akishindwa kuishi kwa vipande vyake ataondoka, hata sheria ikiwepo.

Tafadhali, Novemba hii nenda ukapande lile tela pamoja nao kabla hujajibu.

Mkazi wa Nottinghamshire