Msimbo kwenye pakiti yako ya kahawa unathibitisha nini?

Wateja wetu wengi ni wakaangaji wadogo wa kahawa, na siku hizi, ili msimbo wa QR kwenye pakiti uonyeshe kahawa ilikotoka, ombi lao ni moja: "Tuwekeeni blokucheni." Tunaweza. Ila kabla hujalipia, ni haki yako kujua unachonunua.

Presha inatoka Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu inagusa kahawa mbichi na iliyokaangwa pia. Mwagizaji lazima aonyeshe shamba ilikotoka, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya 31 Desemba 2020. Kwa shamba dogo nukta moja ya GPS inatosha. Likizidi hekta 4, mipaka yake yote ichorwe. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kukusanya nukta za wakulima wote wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, si kazi ya wiki moja.

Blokucheni ni daftari linalotunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Kila ingizo limeunganishwa na lililotangulia, hivyo anayechezea la zamani hujulikana. Kazi hiyo inaiweza. Lakini karani akiandika kwamba gunia ni la mkulima wa Mbozi, kumbe limenunuliwa kwa mchuuzi, uongo huo nao utahifadhiwa salama kabisa.

Ndiyo maana sisi tunaanzia kwenye mzani. Gunia linapimwa likipokelewa, linapewa namba ya loti, na risiti ya AMCOS inapigwa picha hapohapo. Kisha inakuja hesabu ya uzito. Kilo 100 za kahawa iliyokaushwa lakini haijakobolewa hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Ukikaanga, asilimia 15 hadi 20 ya uzito inapotea, nyingi ikiwa ni maji. Unabaki na kilo 64 hadi 68. Sasa zikitokea pakiti za jumla ya kilo 75 zenye namba ya loti hiyo, kuna kahawa ya pembeni imeingia. Hapo hatutoi msimbo mpaka tupate maelezo.

Penye shida zaidi ni kwenye pipa la kuhifadhia kahawa. Loti mpya ikimiminwa juu ya mabaki ya juzi, ufuatiliaji umekatika, na hakuna programu ya kuurudisha. Kuchanganya Mbinga na Kilimanjaro ni ruksa. Andika tu kiasi cha kila upande kabla ya kuchanganya.

Na ukinunua kwa AMCOS moja na kuuza hapahapa nchini, tutakwambia wazi: lahajedwali na msimbo wa QR vinakutosha. Blokucheni ina maana pale ushirika, mkoboaji, mkaangaji na mwagizaji hawataki daftari likae kwa mmoja wao. Hata hapo, lazima wote wakubali kuandika. TradeLens, mfumo wa blokucheni wa kufuatilia mizigo ya meli wa Maersk na IBM ulioanza 2018, ulitangazwa kufungwa 2022 kwa sababu sekta ya meli haikuungana vya kutosha.

Jambo moja hatulegezi: mkulima aelezwe nukta za shamba lake zinakwenda kwa nani, na akubali kwanza. Ardhi ni yake.

Ukiwa tayari, njoo na risiti za manunuzi na rekodi za ukaangaji za msimu uliopita. Tutazipitia pamoja kilo kwa kilo, ndipo tuzungumze bei.