Wauza redio acheni kuwauzia watu resiva mpya kisa sabufa

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo linaniudhi sana na watu wanazidi kupoteza hela zao.

Hapa Tanga mtaani kwetu kuna mzee mstaafu, mpenzi wa taarabu na dansi la zamani, ana priampu yake nzima kabisa (kile kifaa chenye volyumu kinachoandaa sauti kabla ya kufika kwenye amplifaya) na amplifaya ya spika mbili, akanunua sabufa, nasemea lile boksi moja la besi lenye amplifaya yake humohumo ndani sio zile seti za mezani, sasa alipouliza dukani aiungeje akaambiwa priampu yako ina njia moja tu ya kutolea sauti haiwezi kulisha vitu viwili, nunua resiva, yaani kifaa kimoja chenye priampu na amplifaya humohumo. Mtu anaishi kwa pensheni jamani! Na maneno hayohayo nimeshayasikia kwa wauzaji wengine, yaani imekuwa kama wimbo.

Njia moja inatosha. Kinachotakiwa ni waya wa Y, dume moja majike mawili, unachukua miwili, mmoja wa kushoto mmoja wa kulia. Dume linaingia kwenye priampu pale palipoandikwa PRE OUT, jike moja linakwenda amplifaya kubwa na la pili linakwenda sabufa kwa waya za sauti za kawaida, kazi imeisha. Ila usichomeke pale pa REC OUT au TAPE OUT, pa kurekodia, maana pale sauti haifuati kitufe cha volyumu, utapunguza muziki sabufa libaki linapiga vilevile.

Wanaosema sauti itagawanyika nusu kwa nusu hawajui priampu inavyofanya kazi. Priampu haitoi nguvu ya kusukuma spika, inatoa volti kidogo tu, na kifaa kinachopokea kinanyonya umeme mdogo mno. Chukua priampu ya transista yenye ukinzani wa omu 200 pale inapotolea, amplifaya ina omu 47,000 pale inapopokelea, sabufa omu 10,000, ukiziunga pamoja priampu inaona kama omu 8,200, hiyo ni mara 40 ya ukinzani wake na mafundi huwa wanataka angalau mara 10. Sauti haipungui kiasi cha sikio kujua. Wa kujihadhari ni wenye priampu za valvu (zile za zamani za taa za kioo), baadhi yake ukinzani unafika omu elfu kadhaa na hapo besi inaweza kupungua, hao wasome kwanza karatasi ya kifaa chao.

Kilicho kibaya ni kinyume chake, na hichi ndo nakiona mpaka kwa mafundi: sabufa lina tundu moja, basi fundi anachukua Y anaunga kushoto na kulia pamoja moja kwa moja. Hapo njia mbili za kutolea zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, sauti inaharibika na spika zako kubwa nazo zinaanza kupiga mono, yaani kushoto na kulia sauti ileile. Kugawa njia moja kwenda sehemu mbili ni sawa, kukutanisha njia mbili kuwa moja bila rezista sio sawa. Kama sabufa lina matundu mawili tumia yote mawili.

Halafu kuna wanaovuta waya kutoka kwenye spika kwenda sabufa. Sabufa likiwa na sehemu ya kupokelea waya wa spika hilo linawezekana, lakini amplifaya nyingi ndogo za siku hizi za daraja D waya wake hasi sio grandi (upande wa volti sifuri), nao una umeme wa sauti, ukiugusanisha na grandi ya sabufa unaweza kuunguza amplifaya palepale.

Baada ya kuunga mara nyingi unatokea mvumo, mmmm isiyokoma hata muziki ukizimwa. Umeme wetu ni Hz 50 na mvumo unatoka hukohuko, hasa amplifaya ikiwa imechomekwa ukuta huu na sabufa ukuta ule. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzima yenye erthi, mara nyingi mvumo unaisha. Tafadhali sana wasomaji, msikubali fundi akate pini ya erthi kutafuta ukimya, ile pini inalinda uhai wa watoto wenu, kifaa kikivujisha umeme bodi yote ya chuma inakuwa na shoti.

Kitufe cha sabufa kinachopanga lipige sauti za chini ya Hz ngapi anzia Hz 80, kile cha fezi chenye 0 na 180, kinachopanga sabufa liende pamoja na spika kubwa, geuza huku na huku ukiwa umekaa unapokaaga kusikiliza, uache pale besi inapojaa zaidi.

Ombi langu kwa waingizaji wa hivi vifaa, wekeni ndani ya boksi karatasi ya Kiswahili yenye mchoro wa kuunga, na wewe mhariri ukurasa wenu wa teknolojia ungechapa mchoro huohuo wa waya wa Y wazee wetu wakate waende nao dukani.

Mpenzi wa muziki,
Tanga