Profesa wa Glasgow alipitia Lamu

Kwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu Bonde la Ufa ilimtaja John Walter Gregory, Mwingereza mtaalamu wa jiolojia (elimu ya miamba na ardhi), kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye aliyelipa bonde lile jina. Nimefundisha jiografia hapa Lamu miaka mingi, na sentensi hiyo imeniuma. Lamu haimo.

Mwaka 1892 Gregory alikuwa mtumishi wa makumbusho huko London. Alijiunga na msafara mkubwa wa kwenda kaskazini uliopitia hapa kwetu na mto Tana. Msafara ukavunjika hukohuko Tana, naye akapigwa na homa. Hakurudi kwao. Alishuka Mombasa, na mwaka 1893 akaondoka na wapagazi 40 hadi Baringo, kisha Mlima Kenya. Kuta za bonde zilimwonyesha kwamba halikuchimbwa na maji: ardhi ilipasuka nyufa mbili zinazokwenda sambamba, kipande cha kati kikadidimia. Siku hizi vitabu vya shule hufundisha hivyo, lakini wakati ule ilitakiwa mtu aende akaone kwa macho yake.

Mwaka 1904 Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Scotland, kilimpa kiti chake cha kwanza cha uprofesa wa jiolojia. Aliiongoza idara ile miaka 25, kisha akaja Edward Bailey, na baada yake Arthur Trueman. Uongozi haukumfunga Gregory ofisini. Mwaka 1919 alirudi Afrika Mashariki kuyapima tena mawazo yake, na mauti yalimkuta mwaka 1932 mtoni Urubamba, Peru, akiwa bado kazini, umri miaka 68.

Mhariri, wanafunzi wangu kila asubuhi hupita wakigusa kuta za mawe ya Manda, kisiwa jirani yetu. Ndani ya mawe hayo mna matumbawe na makombe ya bahari ya kale, yanaonekana wazi bila darubini. Lakini ukiwauliza, watakwambia jiolojia ni elimu ya watu wa bara na Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia anataka kuisomea.

Kitabu cha Gregory cha mwaka 1896 kinasimulia safari ile. Naomba gazeti lenu litafute mfasiri wa sehemu ya Lamu na Tana, liichape kwa Kiswahili, hata kipande kwa kipande kila wiki. Nitaibandika mwenyewe ukutani darasani.

Mwalimu wa jiografia,
Langoni, Lamu