Risala ya vijana wa usharika kwa Mkuu wa Jimbo, siku ya huduma ya mitaani

Mgeni rasmi, Baba Mkuu wa Jimbo, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, wainjilisti, mama zetu, na ninyi ndugu zetu mliotoka Kariakoo na Jangwani mkakubali kuketi nasi leo: Bwana Yesu asifiwe!

Baba, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza. Vijana wenzetu wametutuma tuseme jambo moja: watu wanaolala nje katika jiji hili ni washarika wetu, hata kama majina yao hayamo kwenye daftari la usharika.

Kila Ijumaa usiku, maduka ya Kariakoo yakishafungwa, tunatoka na chupa za uji na maandazi. Maboksi yaliyoshushwa pamoja na mizigo mchana ndiyo magodoro ya usiku. Viatu vinalaliwa kichwani visije vikaibiwa. Kipindi cha masika ndicho kigumu kuliko vyote, maana mvua ikipiga upande, baraza haisitiri kitu, na mama mwenye mtoto mgongoni husimama hadi kunakucha. Hatubebi kipaza sauti. Tunaketi nao chini, tunaulizana majina na habari za nyumbani, tunakunywa uji ule ule. Anayetaka kuombewa husema mwenyewe, na mara nyingi wao ndio hutuombea sisi.

Huko tumempata kijana aliyekuwa akiimba besi katika kwaya ya kwao Iringa. Tulipoanzisha pambio alidakia sauti yake bila kuulizwa, wengine wakafuata, hadi walinzi wa maduka wakasogea kusikiliza. Jumapili iliyofuata alikuja ibadani, akaelekezwa benchi la nje kwa sababu ya nguo zake. Aliimba ibada nzima akiwa huko huko nje. Baba, jambo hili limetuuma sana, na tunalisema mbele yako kwa upendo. Bwana wetu mwenyewe alisema hana pa kulaza kichwa chake. Kijana yule naye hakupaswa kukosa nafasi ndani.

Uji tunaumudu kwa kuchangishana. Yanayotuzidi nguvu ni mengine. Mtu akitaka kitambulisho cha Taifa anahitaji barua ya serikali ya mtaa, na anayelala barazani hana mwenyekiti wa mtaa anayemtambua. Bila namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho hicho, hasajili laini ya simu. Bila laini, hata kibarua cha siku mbili kinampita, kwa kuwa tajiri hana pa kumpigia wala pa kumtumia ujira. Wapo vijana wenye nguvu na ufundi mikononi waliokwama hapo tu.

Ugonjwa nao. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, lakini kwa kawaida ni za miezi 6, na kila siku. Atazitunza wapi mtu ambaye mfuko wake hubebwa na gari la taka asubuhi akienda kutafuta maji ya kunawa?

Wapo waliotutangulia katika kazi hii. Kanisa la Jeshi la Wokovu lilianzia kwa maskini wa mashariki mwa London mwaka 1865, na leo lipo hapa hapa kwetu, Mgulani. Tungependa kwenda kujifunza kwao, na barua yako ya utambulisho itatufungulia mlango.

Tunaomba pia uzungumze na wenyeviti wa serikali za mitaa pamoja na maofisa ustawi wa jamii, ili mtu tunayemfahamu kwa jina na kwa sura, naye akaridhia, asaidiwe kupata barua yake. Neno la kijana halifiki mbali katika ofisi hizo. La kwako litasikilizwa. Kwa Baba Mchungaji na wazee, ombi letu ni geti la uani lifunguliwe asubuhi za siku za kazi, watu waoge, wafue, na wagonjwa waache dawa zao kabatini ofisini. Zamu za usafi tutazishika sisi wenyewe, na ratiba tumeshaiandaa. Fedha za mnada wa Jumapili moja kila mwezi zingetosha kuanzia sabuni na bili ya maji.

Na lile benchi la nje, Baba, tunaomba liingizwe ndani leo, kabla ya ibada ya jioni.

Tunaomba kuwasilisha.

Vijana wa Usharika, Dar es Salaam