Kwa Rukia, juu ya mfasiri Knuts Skujenieks

Riga, 9 Novemba

Rukia wangu,

Salamu nyingi. Mimi huku sijambo, ila baridi imeshaanza kututia adabu, na ikifika saa kumi na moja jioni kiza kimetanda. Wasiwasi wangu ni juu yako, hasa baada ya ule ujumbe wa sauti. Eti mtu mzima na akili zake kasimama mbele ya watu akasema mfasiri ni mtunzi aliyeshindwa, nawe, mfasiri, ukacheka kwa heshima, kisha ukarudi nyumbani ukafunga daftari. Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile, nikajua nitafoka. Heri niandike.

Sitakubembeleza, maana nakujua, ukibembelezwa ndiyo unazidi. Nitakupa habari za mtu mmoja wa huku Latvia, Knuts Skujenieks. Amefariki Julai 2022, na kwa mara ya kwanza nilimsikia kwa mwalimu wangu wa Kilatvia, aliyemtaja kama mfasiri. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa mshairi tangu mwanzo, na mkubwa. Ila kwa miaka mingi msomaji wa kawaida hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Alizaliwa hapahapa Riga mwaka 1936. Utoto wake ulipita Zemgale, nchi tambarare ya mashamba upande wa kusini. Akasoma Chuo Kikuu cha Latvia, kisha Moscow, kwenye taasisi ya fasihi iliyopewa jina la Gorky, akamaliza 1961. Latvia wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, si kwa ridhaa yake. Mwaka 1962 akakamatwa, hajatimiza hata miaka 26. Shitaka lilikuwa uchochezi dhidi ya dola, na hukumu miaka 7. Akapelekwa Mordovia, mashariki mwa Moscow, kwenye makambi ya wafungwa wa kisiasa.

Sasa sikiliza. Humo kambini alitunga mashairi yapatayo 1,000. Barua zilikuwa na kikomo, na kila moja ilipita kwanza mikononi mwa mkaguzi, lakini ndani ya barua kwa mkewe Inta na kwa marafiki alipenyeza mashairi, nao wakayahifadhi. Ndiyo maana leo yapo. Humo humo akawa anasoma lugha. Wafungwa waliruhusiwa kuagiza vitabu kwa posta, ilimradi viwe vimechapwa kihalali, na serikali yenyewe ndiyo iliyomjazia madarasa ya bure: kambi ilikuwa na Waukraini wengi, na Walithuania, na Waestonia, watu wasomi waliofungwa kwa makosa ya mdomo na kalamu. Kiukraini alikipata kwa kuishi nacho. Tafsiri zake kutoka lugha hiyo zina uhusiano huo nyuma yake, si za mtu aliyekaa na kamusi tu.

Na hili ndilo lililonifanya nikukumbuke wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika kambi hiyo aliletwa Yuli Daniel, yule mwandishi wa Kirusi aliyehukumiwa mwaka 1966 pamoja na mwandishi mwenzake Sinyavsky kwa kuchapisha vitabu nje ya nchi. Daniel mwenyewe alikuwa mfasiri wa mashairi. Akaanza kumtafsiri Skujenieks kwa Kirusi, mlemle ndani. Hebu fikiria: mashairi ambayo hayawezi kuchapwa kwa lugha yake ya kwanza, yanapata lugha ya pili nyuma ya seng'enge, bila mhariri, bila mkataba, bila malipo. Nani hapo kashindwa kutunga?

Wapo wanaosema gereza ndilo lililomfanya Skujenieks kuwa Skujenieks. Mimi kauli hiyo siipendi. Ujana wa mtu umeliwa kuanzia miaka 25 hadi 32, halafu tuishukuru kambi kwa mafunzo ya lugha? Hapana. Alilolifanya alilifanya yeye.

Akatoka 1969. Kurudi karudi, lakini mashairi yake mwenyewe hayakuruhusiwa. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1978, akiwa na zaidi ya miaka 40. Katikati hapo alikula nini, alifanya nini? Alitafsiri. Mwaka 1971 kikatoka kitabu cha Lorca, mshairi wa Hispania, kwa Kilatvia, kazi yake. Na hapa tusijidanganye, Rukia. Serikali ilikuwa na sababu zake za kumwachia njia hiyo. Lorca aliuawa mwaka 1936 na wafuasi wa Franco, adui wa wakomunisti, kwa hiyo huko Moscow alihesabiwa mtu wa kwao. Maneno ni ya mgeni, tena marehemu, na mfasiri hawezi kushitakiwa kwa maudhui. Mshairi asiyeaminika akipewa kutafsiri, anakuwa na kazi na mdomo unabaki umefungwa. Ndivyo walivyodhani. Walilosahau ni kwamba maneno ya Kilatvia katika kitabu kile, yote, neno moja baada ya jingine, aliyachagua yeye.

Nimekipata hicho kitabu kwenye duka la vitabu vikuukuu. Utacheka: kwa Kilatvia majina yote ya kigeni huandikwa kwa matamshi yao na kupewa viambishi vya Kilatvia, kwa hiyo Federico García Lorca ni Federiko Garsija Lorka. Shakespeare naye ni Šekspīrs. Mwanzoni niliona ni ujeuri, sasa nimeshazoea, hata napenda.

Lakini kilichoniweka macho usiku ni mizani. Unajua Lorca alitunga mashairi mengi kwa mtindo wa zamani wa Kihispania uitwao romance. Kila mshororo una mizani 8, na vina si vya silabi nzima kama vyetu. Irabu tu ndizo zinazolingana, tena kwenye mishororo ya pili, ya nne, ya sita. Sasa njoo kwa Walatvia. Wana nyimbo zao za jadi, daina, fupi sana, aghalabu mishororo minne, na mshororo wa kawaida una mizani 8 yenye kituo baada ya ya nne. Hazina vina vya lazima. Mtu aitwaye Krišjānis Barons alizikusanya karne ya 19, akaziandika kwenye vikaratasi vya sentimita 3 kwa 11 na kuzipanga katika kabati lenye vidroo vidogo vidogo. Kabati lenyewe liko Maktaba ya Taifa, nimelisimamia mbele nikatamani kulifungua. Nyimbo alizochapisha ni 217,996. Mtoto wa Kilatvia anazisikia kabla hajajua kusoma.

Hesabu mwenyewe: 8 ya Lorca, 8 ya daina, na mshororo wa shairi letu, ukwapi (kipande cha kwanza) 8 na utao (cha pili) 8. Nilipoona hivyo nilisimama nikazunguka chumba. Sisemi kuna undugu wa damu hapo, mizani 8 inakaa vizuri kwenye pumzi ya watu wengi duniani. Ila kwa mfasiri ni neema iliyochanganyika na mtego. Neema, kwa sababu msomaji ana sikio tayari. Mtego, kwa sababu Kilatvia kinatia mkazo silabi ya kwanza ya neno, karibu maneno yote, hali Kihispania mara nyingi hukaza ya pili kutoka mwisho kama sisi. Ukiacha lugha ijiendee, Mhispania wako anaimba kama bibi wa Zemgale anayekamua ng'ombe. Ukishindana nayo sana, unapata Kilatvia kinachochechemea. Nimesoma kurasa zile kwa sauti, taratibu, kwa Kilatvia changu cha kuungaunga, na naona Skujenieks alipita katikati: mwendo wa daina unasikika chini kwa chini, lakini mshororo hausimami pale sikio la Mlatvia linapousubiri usimame. Kwa maoni yangu, hiyo ni kazi ya mtunzi. Anayesema vinginevyo ajaribu ubeti mmoja.

Wala hakuishia kwa Lorca. Alitafsiri kutoka Kiukraini, Kipolandi, Kilithuania, Kiserbia, Kigiriki, Kifini, na nyingine. Alipenda hasa nyimbo za jadi za mataifa ya Ulaya, zile zisizo na mwandishi. Nadhani mtu aliyekulia kwenye daina hawezi kuzidharau nyimbo za jirani.

Wala si peke yake katika historia hii. Huku tafsiri na gereza wamekuwa majirani wa muda mrefu. Rainis, mshairi wao mkuu, alimalizia kutafsiri Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe, akiwa kizuizini mwaka 1897, enzi za mfalme wa Urusi. Na yuko Maija Silmale. Huyu alikamatwa mwanzoni mwa 1951 na wenzake wachache, walimu, wasanii, wafasiri, waliokuwa wakikutana kuzungumzia fasihi ya Kifaransa. Kifaransa tu, Rukia! Akarudi kutoka kambini 1956, akatafsiri, mwaka 1970 akatoa mkusanyo wa mashairi ya kisasa ya Kifaransa, mwaka uliofuata akakamatwa tena, safari hii akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Alifariki 1973. Wewe unayetafsiri Kifaransa mezani kwako na chai pembeni, mtafute huyo mama. Juu yake nitakuandikia barua nyingine, leo nikianza sitamaliza.

Skujenieks aliishi Salaspils, mji mdogo jirani na Riga. Jina hilo huku linatisha kidogo, kwa sababu wakati wa vita Wajerumani walikuwa na kambi yao hapo. Mtu anatoka kambi moja anakwenda kuishi penye kumbukumbu za nyingine. Mashairi ya Mordovia yalikuja kutolewa kitabu 1990, ukaguzi ulipokwisha kulegea, kwa jina linaloweza kusomeka Mbegu Thelujini. Na moja kati ya hayo, juu ya kifungo cha shati, limekwisha kutafsiriwa kwa lugha nyingi mno. Maandishi yake yote yalipokusanywa yakawa juzuu 8, tafsiri zimo ndani pamoja na mashairi yake. Nimeziona zimepangwa rafu moja. Hakuna aliyeona haja ya kuzitenga.

Nchi hii watu wake hawafiki milioni 2. Mwandishi wa Kilatvia anajua kwamba asipotokea mtu akamleta Lorca, Lorca hatakuja. Hakuna soko litakalomleta. Kwa hiyo mfasiri hapa ana jina, watu wanamtaja kwenye mazungumzo kama wanavyomtaja mtunzi. Kwetu wasemaji ni mamilioni kwa mamilioni, na bado jina la mfasiri linachapwa ukurasa wa ndani kwa herufi za mchwa. Hilo ndilo ungemjibu yule bwana, lakini basi, limepita.

Sasa mambo yetu. Fungua daftari. Sura ya tatu ya tafsiri yako niliyoisoma ilikuwa nzuri, ila yule mzee anazungumza kama hakimu; mzee wa bandarini haongei hivyo, wewe unawajua, umewasikia tangu utotoni. Mrudie huyo kwanza, mengine yanasubiri. Nitumie faili, si picha za kurasa, maana macho yangu siku hizi yanalia. Nikija Desemba nitakuletea kitabu cha Lorca. Hutaelewa neno, lakini tutakisoma pamoja kwa kuhesabu, na Kihispania chake tutakipata mahali.

Nisalimie Mama sana, mwambie karafuu zimefika salama na pilau imepikwa, jirani Mlatvia kaja kuuliza ni harufu ya nini. Na yule mdogo wako aniandikie, deni la barua ni lake.

Wako,
Zuhura