Shukrani kwa muuguzi aliyevihurumia vidole vya mama wa Likoni

Dada muuguzi, jina lako hatukulishika, lakini kazi yako tunataka ishuhudiwe. Mama mmoja mzee wa Likoni alikuwa ameacha kupima sukari. Ncha za vidole zimefanya sugu, na kila tone la damu lilikuwa mateso.

Hukumgombeza. Uliomba kwanza kuiona kalamu yake ya kudungia kidole kitoe tone la damu, ukaikuta imewekwa kina namba 5, na sindano ni ile ile ya wiki nzima. Sindano ikirudiwa, ncha yake huwa butu na kuumiza zaidi. Ukatia mpya ya geji 33 (geji ni kipimo cha unene; namba ikizidi, sindano ni nyembamba zaidi), nyembamba kuliko ile yake ya 28, ukashusha kina hadi 2. Ukamnawisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukamkausha vizuri, maana alikuwa ametoka kumenya embe, na utamu wake ukibaki kidoleni mashine husoma sukari isiyokuwemo mwilini. Ukauteremsha mkono chini kidogo damu ishuke, ukamdunga ubavuni mwa kidole cha pete, si katikati ya ncha penye maumivu makali. Wala hukukamua kwa nguvu, kwani damu huchanganyika na majimaji ya mwilini. Uliisukuma taratibu tu kuelekea nchani.

Mama akauliza, "Ushadunga?"

Kesho kidole kingine, ukamwambia, na sindano zilizotumika zitiwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko.

Mlio na wazee wenye sukari nyumbani, iangalieni leo namba ya kalamu zao. Ahsante sana, dada. Mola akuzidishie.